Kichujio cha Lenzi na Uhariri wa Picha: Tazamo la Kihistoria

Wapiga picha wa leo huulizana kama bado ipo haja ya kununua vichujio, yaani vile vioo vifungwavyo mbele ya lenzi ili kuchagua mwanga uingiao, ilhali programu za kompyuta zaweza kubadili rangi baada ya picha kupigwa. Swali hili lafaa kujibiwa kwa kuirejea historia, kwani kuchuja na kuhariri ni kazi mbili zilizofuatana tangu zamani.

Mabamba ya kioo yaliyotumika katikati ya karne ya 19 yalihisi mno rangi ya buluu, lakini nyekundu hayakuihisi. Kwa sababu hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu, bila mawingu. Mfaransa Gustave Le Gray, alipopiga picha za bahari mwaka 1856 na 1857, alitafuta hila: katika baadhi ya picha alitumia bamba moja kwa mbingu na jingine kwa maji, kisha akayaunganisha wakati wa kuchapa. Basi uhariri wa picha haukuletwa na kompyuta.

Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu huanza kuhisi na kijani. Baadaye yakapatikana mabamba yanayohisi rangi zote zionekanazo, na hapo ndipo kichujio chekundu kilipopata kazi. Kioo hicho huzuia buluu, hivyo mbingu hukoza na mawingu hung'aa. Tarehe 10 Aprili 1927, Mmarekani Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alisimama mbele ya jabali la Half Dome huko Yosemite, akiwa amebakiwa na mabamba mawili tu. La kwanza alilipiga kwa kichujio cha manjano. Kisha akatambua kwamba mbingu haitakuwa na uzito alioukusudia moyoni. Akafunga kichujio chekundu kilichokoza na kulitumia bamba la mwisho. Picha hiyo ni miongoni mwa zilizomjengea jina.

Je, leo angekihitaji kioo kile? Kwa kazi hiyo, pengine hapana. Kamera ya dijiti huzipokea nyekundu, kijani na buluu mbalimbali, na programu kama Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, huweza kuififiza buluu peke yake. Hata hivyo, tujiulize kamera hizo huzitengaje rangi. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza ya mpangilio wa vichujio vidogo mno vinavyofunika kihisi cha nuru: nusu yake kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kamera nyingi za leo hufuata mpangilio huo. Kumbe kichujio hakikufukuzwa. Kimehamia ndani ya nyumba.

Viko vichujio vingine ambavyo programu haiwezi kushika nafasi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Edwin Land, naye wa Marekani, alibuni utando unaopitisha mwanga unaotetema kwa upande mmja tu. Mng'ao urukao juu ya maji hutetema zaidi kwa upande mmoja. Kichujio cha utando huo kikizungushwa sawasawa, mng'ao hupungua, na mawe na samaki walio chini huonekana. Kihisi cha kawaida huandika ukali na rangi ya mwanga, wala hakiandiki upande wa mtetemo wake. Programu itapata wapi habari ambayo haikuandikwa?

Kichujio cha kijivu kina hukumu ya katikati. Kazi yake ni kupunguza mwanga ili kamera ikae wazi kwa muda mrefu, na maporomoko ya maji yaonekane kama ukungu. Programu yaweza kukaribia matokeo hayo kwa kuunganisha picha nyingi zilizopigwa mfululizo. Lakini mahali palipounguzwa na mwanga uliozidi, pakabaki peupe kabisa, hapana dawa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mtu atasema kwamba programu za siku hizi huweza kuwachora hata samaki wasioonekana. Ni kweli, huweza; ila samaki hao ni wa kutungwa, si walioogelea pale siku ile. Kwa tangazo la biashara huenda jambo hilo lisidhuru. Kwa picha itakayotunzwa kama ushahidi wa ziwa, wa mji au wa kizazi, tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa wajukuu wetu watakaoitazama hawatakuwa na shahidi mwingine wa kumuuliza.

Kwa maoni yetu, basi, programu yatosha pale inapopanga upya kilichopokelewa na kamera, na kioo chahitajika pale kinapoamua kipi kipokelewe. Sisi tufundishao lugha tunaujua mpaka huo. Mhariri mwema husahihisha insha ya mwandishi. Akianza kumwandikia yale ambayo mwandishi hakuyasema, insha imepata mwenyewe mwingine.