Kupauka kwa plastiki za nje ya gari

Kupauka kwa plastiki za nje ya gari ni hali ambapo sehemu nyeusi zisizopakwa rangi, kama vile bampa, madigadi, vishikio vya milango na fremu za saiti mira, hupoteza weusi na kuwa na rangi ya majivu. Hutokea kwa magari yote, hasa yanayokaa juani muda mrefu, yakiwemo magari ya kulala ya wasafiri na Hiace za abiria.

Sababu

Sehemu hizo mara nyingi hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki iliyoanza kuzalishwa kibiashara mwaka 1957. Ni nyepesi na ya bei nafuu, ila haistahimili vizuri mionzi ya urujuanimno ya jua. Mionzi hiyo hukata minyororo ya molekuli, oksijeni ya hewa hujiunga na ncha zilizokatika, na mmenyuko huendelea wenyewe. Kiwandani huongezwa kaboni nyeusi na kemikali za kinga, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Uso hupata nyufa ndogo mno zinazotawanya mwanga, na huo ndio weupe unaoonekana. Rangi yenyewe bado imo ndani. Ndiyo maana plastiki iliyopauka huwa nyeusi tena ikilowa maji, kisha hurudi majivu ikikauka.

Katika maeneo kama Mitundu, mkoani Singida, hali huwa kali zaidi. Uwanda wa juu wa Tanzania ya kati uko karibu na ikweta, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban 10% kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kiangazi ni kirefu, na vumbi la barabara hukwaruza uso uliokwisha kudhoofika.

Kurudisha weusi

Hatua ya kwanza ni kuosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, kisha kufuta kwa spiriti ili kuondoa mafuta na nta ya zamani. Kazi nyingi huharibika hapa, kwa kuwa dawa yoyote inayopakwa juu ya vumbi haishiki.

Mafuta ya silikoni hujaza nyufa na kung'arisha mara moja, lakini huoshwa na mvua baada ya wiki chache. Mafuta ya kupikia na oili chafu ni mbaya zaidi: hunasa vumbi, na oili huweza kulainisha mipira ya milango. Rangi maalumu ya plastiki hudumu zaidi, mradi itanguliwe na dawa ya kushikisha, kwani polipropilini haishikani kwa urahisi na rangi ya kawaida.

Wengine hutumia mashine ya hewa ya moto kulainisha uso. Njia hii hufaa mara moja au mbili tu, na huhitaji mkono usiotulia mahali pamoja: polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za selsiasi, na hupinda kabla ya hapo. Isitumike karibu na tangi la mafuta.

Mng'ao haurudishi nguvu. Mnunuzi wa gari lililotumika anaweza kudanganywa na bampa iliyopakwa mafuta asubuhi hiyo, ilhali imekuwa kavu kiasi cha kupasuka kwenye skrubu. Plastiki iliyofikia hapo hubadilishwa.