Mzee Ojwang': Mwigizaji, Mhusika na Lafudhi

Mwalimu mwenzangu unayefundisha Migori au Homa Bay, huenda umewahi kulishuhudia jambo hili. Mwanafunzi anasimama kusoma tamthilia kwa sauti, anatamka "samba" badala ya "shamba", na darasa zima linaangua kicheko. Mmoja anamwita "Ojwang'". Tangu siku hiyo, mwanafunzi huyo hainui mkono tena. Kabla ya kulikemea darasa, ni vyema tujue Ojwang' alikuwa nani.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alipata umaarufu kupitia vipindi vya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani katika Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 liligeuka kuwa KBC. Katika Vitimbi alikuwa mume wa Mama Kayai, mhusika aliyeigizwa na Mary Khavere. Kwa miongo kadhaa, Wakenya wengi walimjua kwa jina la mhusika kuliko lake mwenyewe.

Zingatia hili, mtahiniwa: Wanjau hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/, hivyo msemaji wake aghalabu huweka /s/ mahali pake. Msemaji wa Kikuyu naye aghalabu hutatizwa na /l/ na /r/. Kwa hiyo Wanjau alihitaji kuyavua mazoea ya lugha yake ya kwanza na kuvaa ya lugha nyingine, kama mwigizaji avaavyo maleba. Lafudhi ile ilikuwa kazi ya sanaa.

Je, ilikuwa dhihaka? Hoja zipo pande zote mbili. Lafudhi ikirudiwa kila wiki ili kuchekesha, yaweza kujenga taswira finyu ya jamii nzima. Hata hivyo, kicheko cha Vitimbi hakikutokana na matamshi pekee. Kilitokana pia na mivutano ya mume na mke ambayo familia ya kabila lolote ingejitambua ndani yake. Mtahiniwa hodari ataeleza pande zote mbili kabla ya kutoa msimamo.

Uzeeni macho yalimsumbua, na wananchi wakamchangia fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akazikwa Lang'ata, Nairobi.

Basi, mwalimu, mwanafunzi wako akichekwa, usimsahihishe papo hapo na kuendelea na somo. Liulize darasa: ni sauti gani imebadilika, na kwa nini? Mwombe Mkuria kutoka Isebania aeleze yanayomtatiza yeye. Kisha waambie kwamba Wanjau alijifunza kwa bidii matamshi yale yale wanayoyacheka. Huenda mkono ule ukainuliwa tena.