Ukihama, Beba na Rasimu

Huku kwetu kuhama tunakujua. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876. Wamisionari wakahamia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Anayehama mbio habebi vyote.

Hata Wikipedia, kamusi elezo ya watu wanaoandika kwa kupenda tu, yaliikuta. Ilianza Januari 2001 kwa programu ya UseModWiki, iliyokuwa ikifuta masahihisho ya zamani. Mwaka 2002 wakahamia programu mpya. Makala zikafika, lakini historia ya miezi ya mwanzo haikufika: nani aliandika nini, nani akamsahihisha. Miaka ikapita, jamani! Desemba 2010 fundi wao, Tim Starling, akakuta nakala ya akiba yenye masahihisho ya Januari hadi Agosti 2001.

Mimi sikubahatika hivyo. Nilipobadili simu hapa Masasi nilihamisha hadithi safi za kikundi chetu, rasimu nikazifuta. Sasa mdogo wetu anauliza tulijifunzaje kuandika, sina cha kumwonyesha. Vijana wenzangu, mkihama, bebeni na makosa yenu.