Nani Kakwambia?

Kuna swali moja wakubwa hawachoki kuliuliza. Ukisema dawa za zahanati zimeibwa, hawaendi kuhesabu maboksi. Ukisema fedha za barabara zimeliwa, hawaendi kuitazama barabara. Wanakutazama wewe. Halafu wanauliza: nani kakwambia?

Watu wengi wanadhani swali hili limeletwa na intaneti. Kila kukicha tunaambiwa kwamba teknolojia inakwenda kasi, sheria imeachwa nyuma, lazima itungwe mpya ya kwenda na wakati. Mimi sioni upya wowote. Sheria ninayoizungumzia ina miaka zaidi ya 740. Leo tuifuate safari yake, toka kwa mfalme wa Uingereza hadi kwenye simu yako ya mkononi.

Mwaka 1275, enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, bunge la Uingereza lilikutana Westminster likapitisha furushi la sheria. Sura ya 34 ilikataza mtu kusema au kusambaza habari za uongo zinazoweza kuleta mfarakano kati ya mfalme na watu wake, au wakubwa wa nchi. Wanasheria wakaibatiza jina la Kilatini, Scandalum Magnatum. Maana yake ni kashfa dhidi ya wakubwa. Jina limejieleza lenyewe. Haikuwa kashfa dhidi ya mkulima wala mchunga kondoo. Mkubwa akimsingizia mchunga kondoo, hayo yalikuwa maongezi tu.

Sasa sikia adhabu yake. Ukikamatwa na hadithi mdomoni, unawekwa gerezani mpaka umlete mahakamani mtu wa kwanza aliyeianzisha. Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani? Na huyo je?

Kumbuka wakati huo Uingereza haikuwa na hata mashine ya kuchapa. William Caxton aliifikisha huko mwaka 1476, miaka 201 baadaye. Kwa hiyo sheria ya "habari za uongo" haikutungwa kwa kuogopa mashine yoyote. Ilitungwa kwa kuogopa mdomo. Mashine zimekuja baadaye, na kila inapokuja mpya, wakubwa wanashtuka kama ndiyo mara ya kwanza watu kusengenya.

Waingereza wenyewe waliifuta sheria yao mwaka 1887. Lakini mnajua wenyewe, nguo iliyochosha Ulaya haitupwi. Inafungwa kwenye robota, inapandishwa meli, huku kwetu inaitwa mtumba. Wazo lile lile likavaliwa katika sheria za jinai za makoloni: habari za kutia watu hofu, uchochezi, kashfa. Mtumba mzuri, bado una vifungo vyote.

Hapa Tanganyika tulionja ladha yake mwaka 1958. Chama cha TANU kilikuwa na kijarida chake, Sauti ya TANU. Usifikirie gazeti la rangi. Yalikuwa makaratasi ya kupiga chapa kwenye stensili, yanatolewa nakala kwa mashine ya kuzungusha, yanapita mkono kwa mkono. Humo Julius Nyerere aliwatuhumu wakuu wa wilaya wa kikoloni kwa kutumia vibaya madaraka yao. Je, serikali iliunda tume kwenda kuwachunguza wakuu wa wilaya? Thubutu. Ilimpeleka Nyerere mahakamani kwa kashfa. Akatiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Faini ikalipwa, na miaka mitatu baadaye nchi ikawa huru.

Ungedhani mtu aliyepigwa na fimbo hiyo ataivunja akishaishika. Lakini mwaka 1976, serikali ya Nyerere huyo huyo ilipitisha Sheria ya Magazeti. Ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa sababu ya "maslahi ya umma", bila kwenda kwa hakimu. Ikaweka kosa la uchochezi, ikaweka na kosa la kuchapisha habari za uongo. Namheshimu sana Mwalimu, na hapa simtukani. Nasema tu kwamba fimbo haina kumbukumbu. Haikumbuki jana ilimpiga nani.

Sheria hiyo ilidumu miaka 40. Julai 2012 ililikuta gazeti la MwanaHALISI. Mwezi mmoja kabla, Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliokuwa kwenye mgomo, alitekwa usiku Dar es Salaam, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande. MwanaHALISI likaandika kuhusu nani walihusika. Serikali ikasema huo ni uchochezi, ikalifungia kwa muda usiojulikana. Lilikaa kifungoni hadi mwaka 2015, Mahakama Kuu ilipotengua amri hiyo. Mtu katekwa, kaumizwa, karibu afe. Aliyeadhibiwa haraka ni karatasi.

Tuvuke mpaka twende Uganda, maana huko ndiko sheria hii ilikovuliwa nguo hadharani. Septemba 1997 gazeti la Sunday Monitor lilichapisha habari iliyonukuu jarida la nje, kwamba Laurent Kabila, aliyekuwa ametoka kushika madaraka Kongo, aliilipa Uganda dhahabu kwa msaada wake wa vita. Mhariri Charles Onyango Obbo na mwandishi Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, kifungu cha 50 cha sheria ya jinai. Hakimu aliwaachia, lakini hawakuridhika na kuachiwa. Walitaka kifungu chenyewe kiondoke. Mahakama ya Katiba ikawakatalia, wakapanda Mahakama ya Juu.

Tarehe 11 Februari 2004 majaji wote saba walikubaliana: kifungu cha 50 kinapingana na Katiba. Hukumu ya kuongoza iliandikwa na Jaji Joseph Mulenga, na hoja yake ni rahisi. Uhuru wa kusema haulindi maneno ya kweli peke yake, kwa sababu mara nyingi wakati jambo linasemwa hakuna anayeweza kuthibitisha lote. Ukingoja uhakika wa asilimia mia, hakuna atakayesema kitu, isipokuwa serikali. Jaji alitazama pia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kanada wa mwaka 1992, uliofuta sheria ya habari za uongo katika kesi ya Ernst Zundel. Huyu Zundel alikuwa akikana mauaji ya Wayahudi, maneno ya kuchukiza kabisa. Lakini majaji wa Kanada waliona kwamba kamba ya kumfunga yeye ni pana mno, itamfunga na asiyehusika.

Na dhahabu je? Sisemi kwamba habari ile ya 1997 ilithibitishwa. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia tena Kongo. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba Uganda inawajibika kwa uporaji wa maliasili za Kongo. Februari 2022 mahakama hiyo ikaitaka Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni za maliasili, dhahabu ikiwemo. Kumbe Uganda na dhahabu ya Kongo lilikuwa jambo la kuulizwa maswali. Waliotangulia kuuliza ndio waliopandishwa kizimbani.

Haya, turudi nyumbani, sasa tumefika kwenye kompyuta. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao tarehe 1 Aprili 2015. Siku ya wajinga. Mimi sikuichagua hiyo tarehe, wameichagua wenyewe. Kifungu cha 16 kinamshika anayechapisha kwenye kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo, ya kupotosha au "isiyo sahihi", kwa nia ya kukashifu, kutukana au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ilianza kutumika Septemba, Oktoba tukapiga kura. Siku chache baada ya kura, polisi walivamia kituo cha asasi za kiraia zilizokuwa zinaangalia uchaguzi, wakaondoka na watu, simu na kompyuta. Sheria ilikuwa na umri wa miezi miwili na tayari inajua njia.

Swali letu la 1275 nalo likarudi. JamiiForums ni uwanja ulioanza mwaka 2006, watu wanajadili mambo ya nchi kwa majina ya bandia. Kashfa ya Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, ilichambuliwa humo mpaka mifupa. Desemba 2016 polisi walimkamata mkurugenzi wake, Maxence Melo. Kosa mojawapo? Kuzuia upelelezi, yaani kakataa kutoa taarifa za kuwatambulisha wanachama walioandika. Kosa jingine? Kuendesha tovuti ambayo anwani yake haiishii na herufi za Tanzania. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika moja ya kesi zake, faini shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Mfalme Edward angekuwepo Kisutu siku hiyo, asingehitaji mkalimani. Mlete aliyekwambia.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 za leseni na milioni 1 kila mwaka. Jumla milioni 2 na laki 1 ili uandike mawazo yako bure. Mtoa huduma alitakiwa awe na njia ya kumtambua aliyeleta maudhui. Intaneti kafe zikaambiwa zifunge kamera. Na katika orodha ya maudhui yaliyokatazwa yalikuwemo yanayosababisha kero. Kero! Nani apime kero, na kwa mizani ipi? Mgao wa umeme ni kero, foleni ya Ubungo ilikuwa kero, na hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Kanuni hizo ziliondolewa mwaka 2020 zikawekwa nyingine, lakini robota ni lile lile.

Mtasema nawaonea Watanzania. Kenya, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kinawakamata watu kwa maneno ya Facebook, kwa sababu kilikuwa hakieleweki mpaka wapi. Watu wakashangilia. Mei 2018, miaka miwili tu baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria mpya ya uhalifu wa kompyuta. Ndani yake mna kosa la nini? Habari za uongo. Faini hadi shilingi milioni 5 za Kenya, na kwa habari za kuzua taharuki, kifungo hadi miaka 10. Na Uganda, Julai 2018, ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia kwenye mitandao ya kijamii. Rais Museveni alikuwa ameshaeleza kwa barua kwamba kodi hiyo ni ya kukabili madhara ya lugambo, yaani umbea. Angalau yeye alisema wazi.

Sasa nisieleweke vibaya. Uongo upo, na unaua. Tumeona vibibi vikichomwa moto kwa uvumi wa uchawi. Tumeona wageni wakipigwa kwa uvumi wa kuteka watoto. Anayewasha moto wa namna hiyo ashikwe kwa moto aliouwasha, sheria za uchochezi wa vurugu na mauaji zipo. Aliyechafuliwa jina aende mahakama ya madai, adai fidia, naye mwandishi apewe nafasi ya kuonyesha ushahidi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na sheria inayompa mtuhumiwa mkubwa kazi ya kuamua kipi ni uongo, kisha inampa na pingu.

Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi na taarifa za uongo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hii ndiyo sheria iliyorithi ile ya 1976. Kwa hiyo Kampala walisema, Arusha wamesema, Ottawa walisema zamani. Wote wamefika pale pale: serikali inayojibu tuhuma kwa kumsaka msemaji haijajibu tuhuma.

Fikiria muuguzi aliyeona maboksi ya dawa yakipakiwa kwenye gari usiku. Ana simu, picha anayo. Kabla ya kubonyeza anapiga hesabu: milioni 5, miaka 3. Anaizima simu, analala. Asubuhi kuna mtoto ana malaria na dawa hakuna. Hiyo ndiyo bei ya swali letu, na haiandikwi kwenye sheria yoyote.

Siku mkubwa akikuuliza nani kakwambia, mjibu kwa adabu: mzee, twende kwanza tukahesabu maboksi.