Ufipa ilivyoupokea msimu wa kupanda

Ufipa ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, na riziki ya mwaka mzima huamuliwa humo. Mkulima wa Pwani akikosa vuli husubiri masika. Mkulima wa uwanda huu, ulio juu ya mita 1,800 hivi kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hana nafasi ya pili. Kwa hiyo, kujua lini msimu unafika na kuwa tayari kuupokea kuliwahusu watawala, makuhani na mafundi pamoja na wenye mashamba.

Dalili ya kwanza hutangulia mvua yenyewe. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, vumbi likiwa bado linatimka Izia na mitaa mingine ya mji wa Sumbawanga, miyombo iliyobaki miteremkoni huchipua majani mapya mekundu. Miti hiyo haingoji mvua. Hutumia maji iliyojiwekea. Novemba, jua linapozama, nyota za Kilimia huchomoza mashariki. Kisha hufuata kumbikumbi, uyoga na matunda ya mkusu, na watoto ndio huyajua mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Mataifa mengine yameweka siku maalumu ya kuukaribisha msimu. Wairani wana Nairuzi mwezi Machi, majira ya kuchipua yanapoanza kwao. Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa inayotokana na Nairuzi hiyohiyo siku hizi huangukia Julai, kwa kuwa hesabu yake haikuongeza siku ya mwaka mrefu, ikawa inasogea kidogo kidogo kwa karne nyingi. Kwa Wafipa maandalizi ya msimu yalienea mwaka mzima, na sehemu yake nzito ilifanyika wakati wa kiangazi, penye moto.

Jembe lilitangulia mbegu. Baada ya mavuno, wahunzi walijenga tanuru la udongo lenye urefu wa mita tatu hivi, linaloitwa ilungu. Halikuwa na mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto ukawaka mchana na usiku. Chuma kilichopatikana kiliyeyushwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, hili likiwa na mivukuto. Lile tanuru kubwa lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Lilifanyiwa mambo ya arusi, dawa zikazikwa sakafuni mwake, na mafundi wakajitenga na wake zao hadi kazi iishe, maana aliyekuwa na bibi harusi huyu hakuruhusiwa kwenda kwa mwingine. Mimi siwezi kuliita hilo ushirikina likaishia hapo. Ni fundisho zima kuhusu uzazi: tanuru linazaa chuma, chuma kinakuwa jembe, jembe linaizalisha ardhi. Majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo yaliiua kazi hiyo. R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, tayari alikuwa anaandika juu ya ufundi uliokuwa unatoweka.

Utaalamu wa pili ulikuwa ardhini, na huo haujafa. Uwanda wa Ufipa sehemu kubwa ni nyasi, miti ni michache, kwa hiyo kulima kwa kukata na kuchoma msitu kusingewalisha watu kwa muda mrefu. Wafipa wakabuni intumba. Mvua ikiwa bado inanyesha, kuanzia Januari hadi Machi, nyasi hukusanywa na kufunikwa kwa udongo uliogeuzwa, yakawa matuta ya mviringo. Nyasi huoza humo ndani, na juu yake mara nyingi hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo wake ulioiva husambazwa, na ulezi ukamwagwa. Mvua ya Novemba, kwa hiyo, ilikuta shamba lililoanza kutayarishwa miezi minane hadi kumi nyuma.

Kulikuwa pia na wenye nchi wasioonekana. Wafipa waliwajua kama imyao, mizimu ya milima, maziwa na misitu, yenye makuhani wake. Chatu alihusishwa nayo, na kwa sababu hiyo aliheshimiwa. Pombe ya ulezi ilikuwa kinywaji cha sadaka kama ilivyokuwa cha arusi. Masimulizi aliyoyakusanya Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, yanamtaja Ntatakwa, mwene (mtawala) wa kwanza wa Milansi, aliyeshuka kutoka mbinguni. Wanawake wageni wakaja akiwa mbali, wakaketi kwenye kigoda chake, na kutoka kwao ukatokea ukoo wa Watwa uliozitawala falme za Nkansi na Lyangalile. Milansi ilipoteza utawala, lakini haikupoteza heshima yake ya kiibada.

Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walifika Karema mwaka 1885, na dini yao ikaenea uwandani. Ibada za imyao zikafifia hadharani. Uchifu ukafutwa kisheria mwaka 1963. Kanisa nalo lina misa yake ya wakati wa kupanda, na mbegu huletwa altareni zibarikiwe. Mzee aliyekulia kwenye sadaka za ulezi aliweza kuielewa bila kufundishwa sana.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mahindi. Miaka ya 1970 Serikali ilipolipa bei moja nchi nzima, umbali wa Mkoa wa Rukwa, ulimo Ufipa, haukuwa tena hasara kwa mkulima, na mkoa ukaingia katika ile minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ulezi ukabaki kwenye uji na pombe.

Nchi nzima, hata hivyo, inaijua Sumbawanga kwa hadithi za radi ya kutumwa, zinazochacha kila mvua za kwanza zinapopiga. Radi hupiga kwa wingi uwanda ulio juu na ulio wazi, na mtu aliye shambani au chini ya mti uliosimama peke yake yuko hatarini. Hadithi hizo zimewatia wazee wasio na hatia katika mashaka, na inaniuma kwamba zimesikika mbali kuliko habari za intumba na ilungu.

Siku hizi kila Oktoba Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Novemba hadi Aprili kwa mikoa ya msimu mmoja, Rukwa ikiwamo, na redio huusambaza. Utabiri hueleza kama mvua zitaanza mapema au zitachelewa, na kama zitazidi wastani. Wenye plau na maksai huutumia kupanga siku ya kuanza kulima. Mwenye intumba alishafukia nyasi zake tangu Machi.