Nani Aliyeikunja Karatasi Hii?

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea seti ya vifungashio alivyovitengeneza kwa mikono yake: boksi la kahawa, mfuko wenye kitako bapa na bahasha ndogo ya viungo. Hakutumwa na mtu. Ilikuwa kazi yake binafsi ya ubunifu wa michoro, iliyomgharimu karatasi za manila, rula, wembe, gundi na usiku kadhaa. Nilipomuuliza michoro na majaribio ya awali viko wapi, alijibu, "Nimevitupa, Mwalimu. Vilikuwa takataka tu." Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala hii.

Mfuko wa karatasi una historia yenye mgogoro. Mwaka 1852 Francis Wolle wa Pennsylvania, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza mifuko. Hata hivyo, mifuko yake ilifanana na bahasha, haikuweza kusimama. Mfuko wenye kitako bapa, ule unaosimama mezani ukajazwa bidhaa, uliendelea kukunjwa na kugundishwa kwa mikono, mmoja baada ya mwingine.

Katika miaka ya 1860 Margaret Knight, mwanamke aliyeanza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba angali mtoto, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko mjini Springfield, Massachusetts. Alichora, akakata, akakunja, akarudia, hata akabuni mashine ya kukunja kitako hicho. Aliunda mfano wa mbao, kisha akaagiza wa chuma utengenezwe Boston. Huko mtu mmoja, Charles Annan, aliuona mfano huo, akaenda kuomba hataza kwa jina lake mwenyewe. Knight hakunyamaza. Alifungua shauri, akawasilisha michoro yake, mifano yake na mashahidi walioiona kazi hiyo ikikua mikononi mwake. Mwaka 1871 hataza ilitolewa kwa jina la Knight.

Tutafakari kilichompa ushindi. Haki ilikuwa yake tangu mwanzo, lakini haki isiyo na ushahidi huishia kuwa manung'uniko. Kilichomwokoa ni yale makaratasi ambayo mwanafunzi wangu aliyaita takataka. Mwenye kiwanda hana shida hiyo: kinachogunduliwa kiwandani mwake, hata kwa bahati, huhesabiwa kuwa chake. Mfanyakazi na mwanafunzi hudaiwa uthibitisho.

Jambo hili linatuhusu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hizo zimeipa karatasi thamani mpya, na palipo na thamani hapakosi mnyang'anyi. Namfahamu kijana aliyemwachia mfanyabiashara sampuli ya boksi "aitazame tu". Miezi michache baadaye alilikuta boksi lile lile dukani, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa. Hakuwa na mchoro, tarehe wala shahidi. Alinunua moja, akaenda nalo nyumbani.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usitupe majaribio yako. Yaandike tarehe, yapige picha, mwoneshe mwenzako unayemwamini kabla hujamwonesha mnunuzi. Mtumishi wa umma unayeshughulikia usajili wa kazi za ubunifu, kumbuka kwamba utaratibu usioeleweka humlinda mwenye wakili na kumwacha mwenye wembe na gundi. Nanyi wanaharakati, mnapoipongeza karatasi kwa kuyanusuru mazingira, ulizeni pia nani aliyeikunja na amelipwa nini.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu vifungashio vyake vitatu. Nilimwomba jambo moja tu: chini ya kila kitako aandike jina lake na tarehe, kwa wino.