Kichakataji Picha cha Pekee na Kichakataji Picha Shirikishi: Sura ya Historia ya Kompyuta Mpakato katika Masasi na Newala, 1999–2020

Historia ya kompyuta nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya sera, mikongo na mashirika. Kifaa chenyewe kimeachiwa mafundi. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaweza kujua mwaka ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, yaani 2009, lakini asijue ni kompyuta za aina gani zilizopokea mawasiliano hayo katika miji ya wilaya, wala kwa nini zilikuwa za aina hiyo. Insha hii inachukua kiungo kimoja cha kompyuta mpakato, yaani kichakataji picha, na kukitazama kutoka Masasi na Newala. Hoja yake ni kwamba simulizi ya kawaida, inayokichukulia kichakataji picha cha pekee kuwa kilele na kile kilichomo ndani ya kichakataji kikuu kuwa hatua ya wasiojiweza, haikubaliani na historia ya kusini mwa Tanzania. Haikubaliani sana hata na historia ya viwanda vilivyotengeneza vifaa hivyo.

Istilahi zinahitaji ufafanuzi kwanza. Jina “kompyuta mpakato” limetokana na kitenzi pakata, kuweka pajani kama mtoto apakatwavyo, na ni miongoni mwa istilahi za tekinolojia zilizokubalika kwa urahisi kwa sababu zinaeleza mkao wa mtumiaji badala ya umbo la chombo. Sehemu za ndani hazikupata bahati hiyo. Madukani watu husema “kompyuta yenye grafiki” wakimaanisha iliyo na kichakataji picha cha pekee, kana kwamba nyingine haina kabisa. Usemi huo unapotosha, kwa kuwa kompyuta yoyote yenye kioo inacho chombo cha kuchora kinachoonekana juu yake. Tofauti ipo katika makazi na akiba. Cha pekee hukaa peke yake kwenye ubao mkuu na kina kumbukumbu yake mwenyewe. Cha pili hukaa pamoja na kichakataji kikuu na kutumia kumbukumbu ileile inayotumiwa na kazi nyingine zote. Kwa sababu hiyo neno “shirikishi” linafaa kuliko “kilichounganishwa”. Kinachokitambulisha ni kushiriki kumbukumbu.

Mfano wa maji unaeleza jambo hili vizuri kuliko michoro ya wahandisi. Uwanda wa Makonde, ambao Newala imejengwa ukingoni mwake ikitazama bonde la Ruvuma, una udongo wa kichanga unaofyonza mvua, na juu yake hakuna mito ya kudumu. Maji yalisukumwa kutoka mabondeni kwa mitambo tangu mradi wa miaka ya 1950, na nyumba zilizoweza zilijenga matangi ya kukinga mvua. Mwenye tangi huchota apendavyo. Wanaotegemea bomba la kijiji husubiriana, hata kama kila mmoja ana ndoo kubwa. Kichakataji shirikishi kina ndoo. Tatizo lake la kihistoria ni foleni.

Masasi, ifahamike, haiko juu ya uwanda huo. Ipo chini yake upande wa magharibi, katikati ya milima ya mawe, kwenye makutano ya njia za Mtwara, Nachingwea, Tunduru na Newala. Miji hii miwili ina uhusiano wa zamani na mashine za picha. Mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji vilikuwa bado havijasahaulika, mwanaethnolojia Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na kamera ya picha za mnato, mashine ya picha za mwendo na fonografu ya mitungi ya nta. Kila kazi ilikuwa na chombo chake, na kila chombo kilihitaji wapagazi. Mfano huo unaonyesha gharama ambayo mara nyingi husahaulika katika ulinganishi wa vifaa: chombo cha pekee hufanya kazi moja vizuri, lakini lazima mtu akibebe.

Baada ya hapo picha za mashine zilichelewa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Sera ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilitoka mwaka 2003, chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Sera hiyo ilizungumzia miundombinu, elimu na utawala. Haikuwa na sababu ya kuzungumzia vichakataji picha, na hapo ndipo soko lilipoamua lenyewe.

Kiwandani mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Mwaka 1998 Intel ilitoa kadi ya picha ya pekee, i740, ambayo haikufanikiwa sokoni. Mwaka uliofuata iliingiza uwezo wa kuchora katika seti yake ya chipu iitwayo 810, na mwaka huohuo wa 1999 NVIDIA ilitoa GeForce 256 na kueneza jina la kichakataji picha kama aina mahsusi ya kichakataji. Njia mbili zikaachana. Mwaka 2006 AMD iliinunua ATI ili kuziunganisha tena. Januari 2010 Intel iliweka chipu ya picha ndani ya kifuko kimoja na kichakataji kikuu, na Januari 2011, kwa kizazi kilichoitwa Sandy Bridge, vyote viwili vikawa juu ya kipande kimoja cha silikoni. Kuanzia hapo mnunuzi wa kawaida wa kompyuta mpakato hakuwa tena na uchaguzi wa kutokuwa na kichakataji shirikishi. Alichoweza kuchagua ni kama aongeze cha pekee juu yake. Swali la kihistoria linabadilika kutoka “kipi kati ya viwili” na kuwa “nani aliongeza, na kwa nini wengi hawakuongeza”.

Kwa Masasi na Newala, jibu la kwanza lilitolewa mbali sana. Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zilizoingia Tanzania katika kipindi hiki ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani na kwingineko, kisha zikafika Kariakoo na kusambazwa mikoani. Ofisi hizo zilinunua kwa ajili ya barua, majedwali na barua pepe. Hazikulipia kichakataji picha cha pekee. Hivyo basi, mpiga picha wa Masasi aliyenunua kompyuta ya mtumba mwaka 2015 alikuwa akirithi uamuzi wa ofisa manunuzi ambaye hakuwa na habari kwamba mpiga picha huyo yupo. Kusema kwamba watu wa kusini “walichagua” kichakataji shirikishi kwa sababu ya umaskini ni kuhesabu nusu ya kwanza ya maisha ya kifaa kana kwamba haikuwapo.

Umaskini wa fedha taslimu ulikuwepo, bila shaka, lakini ulikuwa na msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika msimu wa 2007/2008, malipo ya korosho yalipitia vyama vya ushirika, ambavyo vyama vikuu vyake ni MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Ununuzi mkubwa wa kaya, uwe wa bati, pikipiki au kompyuta, ulifuata kalenda hiyo. Malipo yakichelewa, ununuzi nao husogea. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikitumia jeshi kuzikusanya, wafanyabiashara wa vifaa nao walilazimika kungoja pamoja na wakulima.

Jibu la pili ni umeme. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikaa nje ya gridi ya Taifa kwa muda mrefu, na ingawa gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ilianza kuzalisha umeme wa Mtwara baada ya miaka zaidi ya ishirini. Katika mazingira ya jenereta na sola, wati huhesabiwa. Kichakataji kikuu cha kizazi cha Sandy Bridge kilichotumika katika kompyuta mpakato nyingi za ofisi kilisanifiwa kwa joto lisilozidi wati 35, kichakataji picha kikiwa humohumo. Cha pekee cha daraja la kati kingeweza kuhitaji kiasi kinachokaribiana na hicho kwa ajili yake peke yake. Tuseme betri ina wati-saa 56: kompyuta inayokula wati 14 kwa kazi nyepesi itadumu saa nne, ilhali inayokula wati 56 itadumu saa moja. NVIDIA ililitambua tatizo hilo, na Februari 2010 ikatangaza mfumo wa Optimus, unaokizima kichakataji cha pekee kazi inapokuwa ndogo na kukiachia shirikishi. Kwa maneno mengine, hata mtengenezaji wa chombo cha pekee alikiri kwamba muda mwingi wa siku hakihitajiki.

Jibu la tatu ni joto na ufundi. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za kimarekani kwa ajili ya hitilafu za baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato, zilizotokana na udhaifu wa malighafi ya chipu na kifuko chake. Chipu hizo ziliathiriwa na kupata moto na kupoa mara kwa mara. Katika nchi zenye dhamana, ubao ulibadilishwa. Kompyuta iliyofika Afrika Mashariki kama mtumba haikuwa na dhamana, na kichakataji cha pekee katika kompyuta mpakato kwa kawaida kimelehemiwa kwenye ubao. Kikiharibika, mara nyingi ubao wote huondoka nacho. Mafundi walijaribu kukiokoa kwa kukipuliza hewa ya moto ili lehemu ishike tena, matibabu ambayo aghalabu hayadumu. Vumbi jepesi la udongo wa kichanga, likiziba mapezi ya kupoozea, halikusaidia. Mtu aliyepoteza kompyuta kwa njia hii alikuwa na sababu nzuri ya kukataa “yenye grafiki” mara ya pili, na sababu hiyo ni ya kiufundi kabisa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba tofauti ya uwezo ilikuwa ndogo. Kumbukumbu ya DDR3-1333 katika njia mbili hupitisha takribani gigabaiti 21.3 kwa sekunde, na kichakataji shirikishi hugawana kiasi hicho na kila kazi nyingine. Kichakataji cha pekee kama GeForce GT 650M cha mwaka 2012, katika toleo lake la GDDR5, kilikuwa na gigabaiti 64 kwa sekunde zake peke yake. Kwa michezo ya kompyuta na michoro ya usanifu wa majengo, pengo hilo halizibiki kwa ustadi wa mtumiaji.

Lakini kazi kubwa ya picha katika miji hii haikuwa michezo. Ilikuwa video: harusi, sherehe za kuwatoa wali na wari, mikutano, mahafali. Hapa historia ina kinaya chake. Kichakataji cha Sandy Bridge kilikuja na kijisehemu maalumu cha kusimba na kusimbua video, Quick Sync, kilichofanya kazi hiyo tu na hakuna nyingine. Ndani ya kile kilichodharauliwa kwa kuwa shirikishi, kuliingizwa chombo cha pekee kwa maana halisi ya neno. NVIDIA ilifuata na kisimbaji chake mwaka 2012. Kwa mhariri aliyekuwa na programu iliyoweza kukitumia kijisehemu hicho, saa za kungoja video ikamilike zilipungua sana bila kununua kadi yoyote. Watafiti wanaopima maendeleo ya studio za mikoani kwa kuhesabu kadi za picha watakuwa wanahesabu kitu kisicho chenyewe.

Kulikuwa pia na njia ya bei ndogo ya kuongeza uwezo. Kompyuta nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha kumbukumbu. Kijiti kimoja cha DDR3-1333 hupitisha gigabaiti 10.7 tu kwa sekunde. Cha pili kinapoongezwa, njia huwa mbili na foleni ya bombani hupungua kwa nusu. Fundi mwenye bisibisi na kijiti kilichotolewa katika kompyuta nyingine iliyokufa aliweza, kwa dakika kumi, kukipa kichakataji shirikishi kile ambacho mteja alidhani lazima anunue kompyuta mpya ili akipate. Uboreshaji wa namna hii hauonekani katika takwimu za forodha wala za mauzo, kwa sababu hakuna kilichoingizwa wala kuuzwa kikiwa kipya.

Novemba 2020 Apple ilitoa kompyuta za chipu ya M1, ambamo kichakataji kikuu na kichakataji picha hutumia kumbukumbu moja iliyofungwa pamoja nao katika kifuko kimoja. Ushirika wa kumbukumbu, uliokuwa alama ya kompyuta za bei nafuu, ukawa fahari ya kompyuta za bei kubwa. Kumbukumbu hiyo haiongezwi. Watengenezaji wengine nao, kabla na baada ya hapo, waliendelea kulehemu kumbukumbu kwenye ubao wa kompyuta zao nyembamba. Kompyuta hizo zikimaliza zamu yake katika ofisi za ughaibuni, zitafika Kariakoo na kisha Masasi zikiwa na kumbukumbu ileile aliyoiamua mnunuzi wa kwanza, na fundi akizifungua hatakuta nafasi ya kijiti cha pili.